Faida ya kuuza mtandaoni inaanzia kwenye kununua: tujadili mzigo wa bei chee unaolipa na ule unaokata mtaji

#1 Mpiga Hesabu (mleta mada)

Wakuu, habari za kazi.

Haipiti wiki bila mtu kuuliza hapa jukwaani: "Nina laki mbili, nataka kuuza nguo mtandaoni, nianzie wapi?" Majibu yanakuwa yale yale. Fungua akaunti Instagram, piga picha kali, lipia tangazo, tafuta wafuasi. Hakuna anayemuuliza hizo nguo atachukua wapi, kwa shilingi ngapi, na zikidoda atazipeleka kwa nani. Vijana wengi na dada zetu wanamaliza mtaji wakiwa na wafuasi wa kutosha na chumba kimejaa nguo ambazo hakuna anayezitaka. Inauma kwa sababu hela hiyo mara nyingi ni ya kikoba, au mtu ameuza kiwanja.

Msimamo wangu ni huu: kuuza unajifunza haraka, kununua ndiko kugumu. Mwenye simu, bando na kauli nzuri kwa wateja ataelewa mambo ya picha na matangazo baada ya muda mfupi tu. Lakini ukikosea kwenye kununua, hakuna picha wala tangazo litakalokuokoa.

Tuchukue belo (furushi lililofungwa) la nguo za mtumba za watoto la kilo 45, maana ndilo wengi wanalikimbilia. Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo namba hizi ni za mfano, angalia ukokotoaji wenyewe. Tuseme belo umelipata kwa 480,000, kulibeba hadi nyumbani 20,000, jumla 500,000. Ndani mna vipande 250. Mtu anagawanya, anapata 2,000 kwa kipande, anatangaza "magauni ya watoto 3,500 tu" akiamini kila gauni lina faida ya 1,500.

Haya, fungua belo. Vipande 50 ni vizuri kabisa. Vipande 110 ni vya kawaida, vinauzika. Vilivyobaki 90 ndiyo maumivu: doa la chakula kifuani, zipu imekufa, mpira wa kiuno umelegea, suruali ya kitambaa kizito cha baridi wakati unauzia Dar, fulana yenye jina la shule ya huko zilikotoka. Hizo 90 utazisukuma kwa machinga kwa 500 kila moja, urudishe 45,000. Kwa hiyo gharama iliyobaki, 455,000, imebebwa na vipande 160 tu. Kila kimoja ni karibu 2,850. Weka sabuni, maji na pasi, 300. Mfuko wa kufungia, 150. Tumeshafika 3,300. Lile gauni la 3,500 lina faida ya shilingi 200, na hapo bando hujalihesabu, wala yale yatakayokaa miezi mitatu bila kuulizwa.

Mwenzako hakununua belo. Alidamka akaenda Mchikichini, pale Karume, akasimama mezani wakati mabelo yanafunguliwa, akapointi, yaani akachagua moja moja, magauni 20 kwa 3,000 kila moja. Ukisikia 3,000 unaona ameliwa. Ongeza kufua na mfuko, inakuwa 3,450. Amekuzidi gharama kwa 150 tu kwa kipande, lakini yeye ametoa 60,000 na wewe umetoa laki tano. Magauni yake yote 20 yanauzika, na mengine ataweka 6,000 au 7,000 kwa sababu aliyachagua huku akimfikiria mteja wake. Yakiisha anarudi sokoni, na safari hii anajua rangi gani zimeulizwa zaidi.

Sisemi belo ni baya. Belo ni la mtu mwenye pa kuzitolea zile 90. Ana meza gulioni, au machinga wake, au ndugu Sumbawanga anayepokea daraja la tatu. Anayeuza kwa simu peke yake hana pa kuzipeleka.

Sasa jicho la kupointi. Nguo iinue uielekeze kwenye mwanga, vitundu vidogo vya wadudu huwezi kuviona ikiwa imelala mezani. Anza na kola, kwapa na katikati ya miguu. Kifua kiache mwisho, kwa sababu ndicho muuzaji anachokuonyesha. Zipu ipandishe na kuishusha mpaka mwisho wake. Mpira wa kiuno uvute uuachie, usiporudi upesi huo umekufa. Kisha nusa. Harufu ya dawa ya kwenye belo inatoka kwa kufua, lakini ya ukungu inarudi mtoto akitoka jasho, na mteja atakurudia na nguo mkononi.

Raba ndizo zinazodanganya kuliko vyote. Kiatu kinaweza kuwa cheupe kama kipya, kumbe kimekaa stoo miaka. Zile soli laini za povu zinaoza kwa unyevu wa hewa hata kama hazijakanyaga chini. Bonyeza kisigino kwa dole gumba, kikunje katikati. Ukiona nyufa au punje zinadondoka, kirudishe hata ukiambiwa elfu tano. Mteja atakivaa siku mbili, soli itaachia barabarani, na jina lako litaishia kwenye magrupu ya WhatsApp. Mikoba ya ngozi ya bandia vilevile: kunja mshikio na kona za chini, ndiko inakoanza kuchubuka.

Na nguo za ndani za mtumba msiziguse kabisa, Shirika la Viwango (TBS) lilishazipiga marufuku siku nyingi.

La mwisho. Kuna watu wanauza "orodha ya siri ya wasambazaji" na kozi za elfu hamsini, laki. Nimeziona kadhaa ambazo watu wamenitumia niwape maoni. Ndani kuna namba za maduka ya Mtaa wa Kongo na Aggrey ambayo yana vibao nje na milango iko wazi mchana kutwa. Nauli ya kwenda Kariakoo na kutembea asubuhi nzima ukiuliza bei za jumla itakufundisha zaidi, na hela ya kozi itabaki kuwa mtaji.

Nawasilisha. Karibuni tukosoane.

#2 Binti Uyui

Mkuu, hii imenifikia kabisa. Mimi niko Tabora, nauza nguo za watoto kwa status za WhatsApp. Karume siwezi kwenda kila wiki, nauli peke yake inakula faida. Nimekuwa nikiona kurasa zinazouza "kifurushi cha vipande 30 daraja la kwanza" na wanatuma kwa basi. Bei yao ni nzuri kuliko hapa. Nawaaminije? Shemeji yangu alitumiwa mzigo, juu wamepanga nguo nzuri nne, chini ni matambara.

#3 Mpiga Hesabu

Dada pole kwa shemeji. Huo mchezo wa kupanga nzuri juu ni wa zamani kuliko simu.

Kwanza, usinunue picha. Omba upigiwe simu ya video wakiwa stoo, na wewe ndiye uelekeze: "shika hiyo ya bluu ya tatu kutoka chini, igeuze ndani nje." Mwenye mzigo kweli anafanya, hata kama ananung'unika. Asiye nao atakwambia mtandao unasumbua.

Pili, tuma mtu. Tabora hakukosekani mwenye ndugu Dar. Mpe hela ya soda apite dukani, aangalie kama duka lipo, apige picha kibao. Tatu, unapolipa, soma jina linalotokea kabla hujabonyeza kuthibitisha. Kama duka linajiita hivi na Lipa Namba inakuja na jina lingine lisilohusiana, simama uulize. Ukishamtumia aliyekutapeli hela, hiyo hela huwa imetolewa kwa wakala dakika chache baadaye.

Oda ya kwanza iwe vipande vichache ambavyo hata vikipotea hutalala njaa. Mzigo ukija, ufungue mbele ya mtu huku unarekodi video moja bila kukata, kuanzia gundi haijabanduliwa. Siyo lazima muwe maadui, lakini ukiwa na video hiyo mazungumzo ya kurudishiwa yanakuwa mafupi.

Ila kabla ya yote, zunguka Tabora kwanza. Kila mji una watu wawili watatu wanaoshusha mabelo. Uliza wanayafungua siku gani, uwe wa kwanza. Ukilipa 500 zaidi kwa kipande ulichokishika kwa mkono wako, umeokoa nauli ya basi na presha.

Na tahadhari moja kwa wote, maana naona inarudi kila msimu: matangazo ya "mnada wa mali zilizokamatwa bandarini, lipa kishika nafasi kwenye namba hii." Malipo ya serikali yanakwenda kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, hayaendi kwenye simu ya mtu. Ukiambiwa tuma kwa jina la mtu binafsi, huo ni wizi, hakuna cha kujadili. Namba ya huyo tapeli itume kwenda 15040, ya mamlaka ya mawasiliano (TCRA).

#4 Mkaa Islii

Salamu kutoka Nairobi. Mleta mada amesema ukweli mtupu. Hapa kwetu Gikomba mambo ni hayo hayo, ila sisi tuna majina yetu: robota (ndilo belo lenu) likifunguliwa, kamera ndiyo ile inachukuliwa kwanza na wale wa maduka na wale wa mtandaoni, halafu zinashuka daraja hadi fagia, ambazo ni za kumalizia. Watu wa kamera wanafika alfajiri giza bado. Ukifika saa tatu unachagua zilizoachwa, alafu unashangaa mbona wenzako wana vitu safi.

Nina neno la kuongeza kuhusu belo. Si lazima uliogope ukiwa na wenzako. Tuko akina sisi wanne tunaonunua robota moja pamoja: mmoja anauza kwa Instagram, anachukua kamera, mwingine ana kibanda Githurai, anachukua za katikati, mmoja anapeleka soko la mashambani, na mmoja anachukua mashati ya pamba yaliyoharibika, anayakata vitambaa vya gereji. Kila mmoja analipa kulingana na anachochukua, bei tumeshakubaliana kabla ya kukata kamba. Hilo la kukubaliana KABLA ni muhimu. Mkifungua kwanza, urafiki unaisha hapo.

Pia angalieni robota limetoka nchi gani. Lebo ya nje inasema. Za Korea huwa saizi ndogo, zinafaa wasichana wembamba na vijana wa chuo. Za Kanada zina majaketi mazito. Msichukue kuuzia Mombasa, pelekeni Limuru na Nyahururu.

#5 Kontena Nusu

Wakuu, mmebaki kwenye mtumba, mimi nishushe ya mali mpya kutoka China maana ndiko vijana wengi wanakimbilia wakiona bei za huko.

Ukiingia Alibaba unaona kikombe cha watoto kwa senti 60 za dola, unapiga hesabu ya kukiuza 6,000, unaona utajiri. Bei ile ni ya kiwandani. Safari ndiyo kwanza inaanza.

Kuna kitu wengi hawakijui mpaka wakutane nacho: ndege haikutozi uzito wa mzani peke yake, inatoza na nafasi. Chukua boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Zidisha, unapata 120,000. Kwa mizigo ya ndege kawaida wanagawanya kwa 6,000, inakuja kilo 20. Sasa kama ndani umeweka midoli ya manyoya na mzani unasoma kilo 7, utalipia kilo 20. Kwa meli boksi hilo hilo ni CBM (mita za ujazo) 0.12, na hapo inaanza kuwa na maana. Kwa hiyo vitu vyepesi vyenye kujaza nafasi viende na meli, na vitu vidogo vizito vya thamani viende na ndege. Viatu mwambie wakala atoe kwenye maboksi yake, ayakunje. Unaokoa nafasi kubwa sana.

Ushuru nao uhesabu toka mwanzo. Bidhaa nyingi zilizokamilika kwenye Afrika Mashariki zinaangukia asilimia 25 au 35 ya ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 18 kwa Tanzania Bara inakokotolewa juu ya bei, usafiri NA ushuru huo. Mzigo ambao bei na usafiri wake ni milioni 1, kwa ushuru wa 25 unaongeza 250,000. VAT ni asilimia 18 ya 1,250,000, yaani 225,000. Jumla 475,000, na bado tozo ndogondogo. Wasafirishaji wa mizigo ya pamoja wengi wanakupa bei moja ya kilo au ya CBM, ushuru ukiwa ndani. Sawa, lakini waandike hivyo kwenye ujumbe, usiishie kwenye maneno ya simu.

1688 ni soko la mtandaoni la Wachina wenyewe, limeandikwa Kichina, bei zake huwa chini ya Alibaba kwa sababu ni soko la ndani. Utahitaji wakala wa kulipa na kupokea mzigo kwenye ghala lake Guangzhou au Yiwu. Alibaba ina utaratibu wa kulinda malipo ukilipa ndani ya mfumo wao. Muuzaji akikuomba umlipe nje ya mfumo "ili upate punguzo", achana naye.

Agiza sampuli. Kipande kimoja, hata kama usafiri wake ni ghali kuliko chenyewe. Kifue, kivae, kidondoshe. Pawabenki na vitu vyenye betri usimfiche wakala, mizigo ya ndege ya kawaida haipokei na wakigundua mzigo wote unakwama. Na Mwaka Mpya wa Kichina unaangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Viwanda vinafunga wiki kadhaa, wafanyakazi wanarudi vijijini kwao. Anayetaka mzigo wa Pasaka aagize mapema kabla ya hapo.

#6 Kijana wa Igoma

Mnatisha watu bure na hesabu nyingi. Mimi Mwanza sinunui chochote. Nachukua picha kwenye kurasa za wauzaji wa jumla Kariakoo, naziweka kwangu, naongeza 5,000, mteja akilipa ndiyo namwagizia. Mtaji sifuri. Kwa nini mtu afe na belo?

#7 Mpiga Hesabu

Kijana, udalali ni kazi halali na siupingi. Nina maswali matatu tu, ya nia njema.

Mteja akilipa na mwenye mzigo akasema "imeisha," unarudisha hela siku ile ile au unamwambia asubiri? Nguo ikija imepungua saizi, nani anabeba nauli ya kuirudisha Dar? Na ile picha mnatumia watu wangapi? Mteja wa sasa anaitafuta picha kwenye simu yake dakika moja, anakuta bei tano tofauti kwa picha moja, anamfuata wa chini.

Ukitaka udalali ukudumishe, zungumza na wauzaji wawili au watatu ana kwa ana, wakupe ruhusa ya picha na wakuhakikishie kilichopo kila asubuhi. Faida yako ya kwanza nunulia vipande kumi vya kile kinachoulizwa zaidi, viwe mkononi mwako, uvipige picha mwenyewe. Mteja wa Mwanza anayepata mzigo leo leo kwa bodaboda atakulipa zaidi ya yule wa kusubiri basi la Dar. Hapo ndipo nguvu yako ilipo, na mtu wa Dar hana hiyo.

#8 Kijana wa Igoma

Hilo la kurudisha hela limenigusa, maana kuna mama mmoja Nyegezi tumeshindana wiki hii. Nimekuelewa, bro. Nitaanza na madaftari na mabegi ya shule, Januari haipo mbali.

#9 Mama Wawili

Mimi si muuzaji, ni mnunuzi, na naomba niseme kwa niaba ya wanunuzi.

ANDIKENI BEI. Mtu anaweka gauni zuri, ukiuliza anajibu "njoo inboksi." Ukienda inboksi anaangalia picha yako ya wasifu ndipo anakutajia. Sisi tuna watoto, tuna kazi, hatuna muda wa kubembelezwa kwa bei ya gauni. Mimi nikiona hakuna bei napita.

Na saizi. "Miaka 4 hadi 6" hainisaidii, mwanangu ana miaka minne na anavaa ya sita. Kuna dada mmoja ninayenunua kwake kila mara. Anatandika nguo kitandani, anaweka futi ya fundi juu yake, kwapa hadi kwapa, na nyingine kutoka begani hadi chini. Kama kuna doa anaweka kidole hapo na kuandika "doa dogo, halitoki." Sijawahi kumrudishia kitu. Nguo yenye doa nimeshanunua kwake pia, kwa ajili ya kuchezea nyumbani, kwa bei ya chini, na nilishukuru.

#10 Mpiga Hesabu

Mama Wawili, ubarikiwe, hii posti naomba isomwe mara mbili. Na si suala la adabu tu: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 hapa Tanzania inamtaka anayeuza kwa mtandao amweleze mteja yeye ni nani, anapatikana wapi, bidhaa ikoje na bei yake kamili.

Picha pigeni karibu na mlango au dirisha asubuhi. Taa ya chumbani inabadilisha rangi ya nguo, halafu mteja anakuita mwongo.

#11 Luthuli hadi Agrey

Kwa wanaotaka kuuza simu za mtumba na zile "zilizofanyiwa ukarabati": msinunue simu hata moja bila kubonyeza *#06# muuzaji akiwa mbele yenu. Namba ya utambulisho wa simu (IMEI) inayotokea ilingane na ya kwenye boksi na ya kwenye mipangilio ya simu. Kwa Tanzania itume kwenda 15090, unaletewa aina ya simu. Ukiambiwa ni Samsung na jibu likaja na jina lingine, ondoka. TCRA ilizima simu bandia Juni 2016 na watu walibaki na mali wasiyoweza kuiuza. Angalieni pia kama simu imeondolewa kabisa akaunti ya mwenye nayo wa kwanza. iPhone iliyofungwa ni vipuri tu, na inaweza kuwa ya wizi, ukaitwa kituoni wewe uliyeiuza.

Chaja na kava ndiyo mahali salama pa kuanzia. Chaja ipime kwa nusu saa, ikichemka hadi huwezi kuishika usiuze. Inachoma nyumba za watu.

Na wale wa vipodozi: krimu zenye haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku. Zina faida kubwa na zinaharibu ngozi za dada zetu. Tafadhalini.

#12 Mkaa Islii

Naongezea la malipo. Ujumbe wa M-Pesa unaweza kutengenezwa na mtu yeyote, unafika na herufi zile zile. Msimpe bodaboda mzigo kwa sababu mteja ametuma picha ya ujumbe. Angalia salio lako mwenyewe, kisha mzigo utoke. Mwenye haraka sana ya kukutumia rider kabla hujaangalia salio, huyo ndiye wa kuangalia mara mbili. Na kwa Wakenya wenzangu, mauzo yakipita milioni moja kwa mwaka mko kwenye kodi ya mauzo ya asilimia 3, jisajilini mapema, tena wekeni risiti zote za mlikonunua.

#13 Mpiga Hesabu

Kwa Tanzania, TIN (namba ya mlipakodi) ni bure, msilipie mtu. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka kwenye makadirio hayana kodi ya mapato, kwa hiyo mdogo hana sababu ya kujificha. Daftari muhimu: tarehe, ulichonunua, bei, ulichouza, bei, kilichobaki. Na mzigo wote usiuweke sehemu moja. Wenzetu walioungua Kariakoo Julai 2021 na Karume Januari 2022, wengi kila walichokuwa nacho kilikuwa mle ndani.

#14 Binti Uyui

Mkuu nimezunguka kama ulivyosema. Nimempata mama mmoja hapa mjini anashusha mabelo ya watoto, anafungua Jumanne. Bei yake ya kupointi ni 3,500 kwa magauni na 2,000 kwa fulana. Kulikuwa na watu wachache tu. Nina 150,000. Nichukue magauni yote? Hayo ndiyo yanaulizwa.

#15 Mpiga Hesabu

Usitoe yote 150,000. Toa 90,000: magauni 18 kwa 63,000, fulana 13 kwa 26,000, inabaki elfu moja ya mfuko wa kubebea. Fulana hazina faida kubwa lakini ndizo zinazomrudisha mzazi, mtoto anazimaliza upesi. Ile 60,000 iache mpaka Jumanne ya pili, ukishaona kilichotoka na kilichobaki, ndipo uamue.

Magauni yaliyokaa wiki tatu yashushe bei bila kusita mpaka gharama yake, urudishe hela sokoni. Na mwulize huyo mama kama atakubali akuwekee pembeni saizi za miaka 1 hadi 3 kabla watu hawajafika, umlipe 200 zaidi kwa kipande. Wafungua mabelo wengi wanakubali, kwa sababu wanajua hutachagua ukawaachia mabaki. Lete mrejesho hapa, taja na zilizododa.